Mnyororo Shingoni: Safari ya Siku Nane Kutafuta Sura za Wapiganaji Wetu

Siku ya kwanza, Jumatatu: Dar es Salaam

Safari hii ilianzia kwenye meza yangu ya kazi. Mimi ni mpiga picha mwenye studio ndogo hapa Dar es Salaam, na riziki yangu hutokana na picha za pasipoti, harusi na mahafali, pamoja na kukuza picha kuukuu za marehemu ambazo familia hupenda kuzitundika sebuleni. Mwezi uliopita mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari aliniletea picha sita za wapiganaji wa vita vya kuupinga ukoloni ili nizikuze na kuzitia fremu kwa ajili ya ukumbi wa shule. Mojawapo ilikuwa ni ya aina ile inayochapishwa kila mara vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani (1905–1907) vinapotajwa: wanaume wamesimama kwa safu, mnyororo mmoja umepita shingo hadi shingo, na pembeni yupo askari mwenye bunduki. Mwalimu aliniuliza kwa upole na kwa nia njema kabisa, "Kaka yangu, huwezi kuuondoa huo mnyororo kwa kompyuta? Nataka watoto wawaone watu wazima wenye heshima zao, wasiwaone wafungwa."

Nilijaribu. Nilishinda siku mbili nikiufuta pete baada ya pete, mnyororo ukatoka, shingo zikabaki wazi, lakini picha ilikataa kukaa sawa. Mtu wa pili kutoka kushoto alikuwa ameinua mkono hadi usawa wa kifua, vidole vimekunjwa, kwa kuwa alikuwa ameushika mnyororo ili umpunguzie uzito. Nilipoufuta, mkono ule ukabaki umeshika hewa. Mabega ya wote yalikuwa yameinamia mbele kidogo, kama ya mtu aliyebebeshwa mzigo ambao sasa hauonekani. Nilimwomba mwalimu anipe wiki mbili, nikafunga studio, nikaamua kwenda kupaona mahali picha kama hizi zilikopigwa, na vilevile mahali ambako hazikupigwa.

Asubuhi ya leo, kabla ya kuondoka mjini, nilikwenda kusimama mbele ya Sanamu ya Askari, pale Mtaa wa Samora unapokutana na Azikiwe. Nimepita hapo maelfu ya mara bila kusimama. Sanamu hii ya shaba, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na maandishi yake yamo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, cha hati za Kiarabu na cha hati za Kilatini. Kabla yake, Wajerumani walikuwa wamesimamisha katika mji huuhuu, mwaka 1909, sanamu ya kamanda wao Hermann von Wissmann, aliyeamuru Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani, anyongwe Pangani mwaka 1889. Katika sanamu ile Wissmann alisimama juu, na chini yake aliwekwa askari Mwafrika akimwinulia macho. Waingereza waliing'oa baada ya kuuteka mji, ikaishia Hamburg mbele ya chuo kikuu, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968.

Tangu mwanzo wa karne ya ishirini, basi, sura ya mtu mweusi iliyopewa shaba katikati ya mji wetu mkubwa ni ya yule aliyebeba bunduki ya mkoloni. Simdharau askari huyo, maana wapagazi na askari waliokufa katika vita ile walikuwa watoto wa watu, na wengi walichukuliwa kwa nguvu. Ninachosema ni kwamba mtoto anayekulia Kariakoo humwona askari huyu akiwa amesimama wima, mtutu mbele, juu ya jiwe lake, na aliyepigana upande wa pili humwona katika kitabu tu, akiwa shingo kwenye chuma. Tofauti hiyo humfundisha jambo kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Mchana nilipita Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, kisha nikarudi nyumbani kufunga begi.

Siku ya pili, Jumanne: Kilwa Kivinje

Basi liliondoka Mbagala Rangi Tatu alfajiri. Tulivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa jua likiwa limeshakuwa kali, nikayatazama maji mapana ya mto nikimfikiria Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzuia risasi, na ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya wakulima wa Umatumbi kung'oa pamba ya kulazimishwa na vita kuanza. Katika zile picha sita, ya Kinjikitile haimo. Alikamatwa na kunyongwa haraka, wakati wakubwa wa boma walikuwa bado wakimhesabu kuwa mganga mchochezi wa kijijini, na hakuna aliyeona kwamba uso wake unastahili sahani ya kioo ya kamera. Sura tuliyo nayo vichwani ni ile ya jukwaani, kutokana na tamthilia ambayo wengi wetu tuliisoma sekondari. Kila ninayemwuliza Kinjikitile alikuwa na umbo gani hunieleza kwa uhakika kabisa, na kila mmoja hunieleza mtu mwingine.

Nilishuka Nangurukuru, nikachukua bajaji hadi Kivinje. Mji huu una ukimya wa mahali palipowahi kuwa na makelele. Boma la Wajerumani bado linaitazama bahari kwa madirisha yasiyo na mbao, na mbele yake maji yalikuwa yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu juu ya tope, na watoto wanaokota chaza.

Nilikuja kwa ajili ya Hassan bin Omari Makunganya, ambaye picha yake akiwa mateka ni ya pili katika zile sita. Wajerumani walihangaika naye kwa miaka, akaishambulia Kilwa mwaka 1894, na mwezi Novemba 1895 alikamatwa na kunyongwa hapa Kivinje pamoja na wenzake, kwenye mwembe ambao tangu hapo unaitwa Mwembe Kinyonga. Mwembe wenyewe haupo tena. Pamebaki jina na mnara wa ukumbusho. Nilipofika palikuwa na mzee ameketi kwenye kivuli cha jirani akisuka ukili, nikamwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona Makunganya?"

Nilimwonyesha picha niliyokuwa nayo. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, mwenye miaka zaidi ya ishirini katika kazi hii, sikuwahi kujiuliza juu ya picha hii: "Sasa hapa anamtazama nani?"

Nilikaa naye hadi adhuhuri tukilijadili hilo. Kamera za wakati ule zilikuwa makasha ya mbao yaliyosimamishwa juu ya miguu mitatu, zikitumia sahani za kioo zilizoingizwa moja moja. Picha ya namna hii haikupigwa kwa kuvizia. Mpigaji alitafuta mahali, akapanga miguu ya kamera, akajifunika kitambaa cheusi, akatazama taswira ikiwa kichwa chini, akaingiza sahani, na muda wote huo waliofungwa waliamriwa wasimame, wasogee, watulie. Anayemtazama Makunganya ni huyo aliye nyuma ya kasha, na nyuma ya huyo upo mti uliokwisha kuchaguliwa. Sisi tunaoitazama picha leo tumewekwa miguu yetu palepale aliposimama mpigaji. Hatuna mahali pengine pa kusimama, kwa kuwa kamera haikuwekwa upande wa Makunganya hata mara moja.

Picha kama hizi zilikuwa na kazi. Ziliambatana na taarifa, zilitumwa kwa jamaa huko Ujerumani, na picha za wafungwa wenye minyororo shingoni ziligeuzwa kadi za posta na kuuzwa. Kwa sababu hiyo mimi ninayashuku sana maelezo yanayoandikwa chini yake. Wafungwa wa kawaida, hata wa kosa la kutolipa kodi, nao walifungwa mnyororo wa shingoni na kutembezwa kwa safu, na nimewahi kuikuta picha moja yenye maelezo mawili yasiyopatana, mahali pamoja "wafungwa wa Majimaji" na mahali pengine "wafungwa wakienda kazini". Mtu akishafungwa, kamera haikujali tena yeye ni nani.

Babu hakuniruhusu nimfanye Makunganya kuwa malaika, na namshukuru kwa hilo. Alinikumbusha kwamba alikuwa mfanyabiashara wa misafara, na kwamba misafara ile ilibeba pembe za ndovu na watu. Wapo waliopita Kivinje na mnyororo shingoni kabla Mjerumani hajafika, na hakuna aliyewapiga picha wala anayejua majina yao. Hili lilinikaa moyoni siku nzima. Ninapotundika picha ya mtu ukutani ninamfupisha, na anayeitazama humwona ama ameonewa ama ameshinda. Alivyoishi miaka hamsini kabla ya siku ile hakuenei kwenye fremu.

Ipo sura nyingine ya Makunganya, nayo imo katika maneno. Nyumbani kwake Wajerumani walikamata barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na barua hizo ndizo zilizowaponza wenzake wa mjini waliokuwa wakimsaidia kwa siri. Katika tungo za Kiswahili zilizokusanywa na Mjerumani Carl Velten limo pia shairi linalomhusu. Nalo limepita mikononi mwa mtawala, ndiyo, lakini katika barua na katika shairi mtu huyu anaamuru, anaomba baruti, anahesabu marafiki. Kwenye picha anasubiri tu.

Siku ya tatu, Jumatano: Lindi hadi Masasi

Siku ndefu ya barabara. Tulifika Lindi mapema, nikala samaki na wali karibu na bahari, nikamkumbuka Abdul Karim bin Jamaliddini wa mji huu, aliyetunga utenzi wa vita vya Majimaji wakati vita vyenyewe vilikuwa havijapoa. Kutoka Mingoyo tuliipa bahari mgongo. Upande wa kushoto ilionekana nyanda ya juu ya Wamakonde, na huko ndiko alikokaa Machemba, mkuu wa Wayao ambaye mwaka 1890 alimwandikia Wissmann barua kwa Kiswahili akimjulisha kwamba ameyasikia maneno yake, ila haoni sababu ya kumtii. Ukiwa ni urafiki yuko tayari leo na siku zote, kuwa mtu wa chini yake hawezi. Alipozidiwa mwaka 1899 alivuka Ruvuma akaingia upande wa Wareno, kwa hiyo hakukamatwa. Nikiuliza watu Machemba alikuwa na sura gani hawana jibu, lakini mtu yeyote aliyeisikia barua ile anamjua. Nimelala Masasi.

Siku ya nne, Alhamisi: Masasi hadi Songea

Baada ya Tunduru aliketi karibu nami kijana mfanyabiashara kutoka Nakuru, ambaye fulana yake ilikuwa na uso wa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau wa Kenya. Sikuweza kunyamaza, nikamwuliza kama anajua picha ile imetoka wapi. Alijua vizuri kuliko nilivyotarajia. Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa karibu na Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, na picha inayojulikana zaidi inamwonyesha amelala, mikono imetiwa pingu, nywele zake ndefu zimesokotana. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Februari 1957, alinyongwa Kamiti.

"Waliisambaza ili watu waone kwamba amekwisha," aliniambia. "Sisi tumeichukua tukaivaa."

Ni kweli, na katika fulana pingu hazikuwapo. Mchoraji alikuwa ameuacha uso na nywele peke yake. Nikamweleza habari za mnyororo wangu na mkono ulioshika hewa. Alifikiri muda mrefu, basi likipita misitu ya miombo isiyokwisha, kisha akaniambia kwamba Nairobi, katika mtaa wenye jina lake, ipo sanamu iliyozinduliwa mwaka 2007, siku ya kutimia miaka hamsini tangu anyongwe, na kwamba humo Kimathi amesimama na bunduki mkono mmoja na jambia mkono wa pili. "Nadhani mchongaji aliifanya kazi unayoitaka wewe," alisema, "lakini yeye hakufuta kitu. Alianza upya." Tuliagana stendi ya Songea usiku, baridi imeshaanza kuuma, na maneno yake niliyaandika kabla sijavua viatu.

Siku ya tano, Ijumaa: Songea

Makumbusho ya Taifa ya Majimaji yapo Mahenge, humuhumu mjini. Niliingia pasipo kamera shingoni, nikiwa nimeiacha kwenye begi kwa makusudi, nikapokewa na dada mwongozaji aliyenitaka kwanza niende makaburini, ndipo turudi ndani kwenye ngao na mikuki. Alisema mgeni akianzia ndani huvitazama vitu, na akianzia nje huwatazama watu.

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Wangoni, na makumbusho huwahesabu watu 67 katika kaburi la pamoja. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Nkosi, yaani mfalme, Mputa Gama. Nduna (mkuu chini ya nkosi) Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, amezikwa peke yake, na husimuliwa kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai, naye akakataa kubaki nyuma ya wenzake. Padre mmoja mmisionari aliwabatiza wengi wao kabla ya kunyongwa. Husimuliwa pia kwamba kaburini mwake Nduna Songea hana kichwa, kwa kuwa kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mahali hapa tarehe 1 Novemba 2023, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba radhi na kuahidi msaada katika kukitafuta.

Nilitoa picha yangu ya safu ya wafungwa, nikaiweka kwenye ukingo wa ukuta karibu na kaburi la pamoja. Picha ilikuwa na watu tisa. Kaburi lina watu 67, na vita nzima, kuanzia 1905 hadi 1907, kwa makadirio ya juu ya wanahistoria, iliua watu 300,000, wengi wao kwa njaa iliyofuata baada ya jeshi la mkoloni kuchoma vyakula na mashamba. Njaa haikupigwa picha ikaingia vitabuni mwetu. Ghala tupu, mama anayechimba mizizi porini, kijiji kisicho na moshi jioni: hivyo ndivyo vita vilivyokuwa kwa watu wengi wa Ungoni, Umatumbi na Upogoro, na hakuna hata kimoja katika sita zangu.

"Na Mkomanile?" dada aliniuliza. "Umekuja naye?"

Sikuja naye. Mkomanile alikuwa mwanamke mtawala wa Kitanda, aliyempokea Omari Kinjala alipoyaleta maji Ungoni, na alinyongwa kama wanaume. Katika picha yangu wote ni wanaume, na kwa miaka yote niliyoitazama nilidhani vita vilikuwa vya wanaume tupu. Picha haikunidanganya kwa kusema jambo la uongo. Ilinionyesha safu moja na mimi nikaichukua kuwa ni watu wote. Hapo nilipata aibu ya kitaalamu, maana ninajua kuliko wateja wangu kwamba kila picha ina kingo nne na kwamba kazi ya kingo ni kuacha vitu nje.

Alinipitisha kwenye sanamu za viongozi wa Kingoni zilizopo pale. Mtu wa mji mkubwa anaweza kuziona kuwa ni kazi nyepesi, na mimi mwenyewe nilianza kuzipima kwa jicho la fundi, hii shingo fupi, lile sikio limekaa juu. Dada aliniacha nimalize, kisha akanieleza kwamba kila Februari, katika siku za kumbukumbu, watu hucheza ligihu na kuweka ngao na mikuki, na kwamba wazee wakipita mbele ya sanamu huzitaja kwa majina, baba fulani, babu fulani. Nilipoisikia hiyo "babu fulani" niliacha kupima masikio. Hapa uso umewekwa ili jina lipate mahali pa kukaa. Kwenye picha ya mnyororo uso upo, wazi kabisa, na majina hayapo, kwa sababu aliyeipiga hakuyahitaji.

Chabruma, nkosi wa Mshope, alikimbilia Msumbiji na hakuletwa hapa kunyongwa. Naye, kama Machemba, ametokea nje ya kingo.

Nilirudi jioni peke yangu, nikakaa hadi mlinzi aliponiambia kwa adabu kwamba wanafunga.

Siku ya sita, Jumamosi: Songea hadi Iringa

Njombe kwa ukungu, Makambako kwa vumbi, Iringa usiku. Njiani nilichora katika daftari mpangilio wa ukuta wa shule mara nne na kuufuta mara tatu.

Siku ya saba, Jumapili: Kalenga

"Kamwene," nilisalimiwa na mlinda makumbusho wa Kalenga, nikajibu vivyo hivyo kwa Kihehe changu cha neno moja. Makumbusho ni nyumba ndogo, na ndani yake, katika sanduku la kioo, lipo fuvu linalotunzwa kama la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Mkwawa aliishi Kalenga ndani ya ngome ya mawe na udongo hadi Wajerumani walipoivunja kwa mizinga tarehe 30 Oktoba 1894. Baada ya hapo aliwachosha kwa karibu miaka minne katika misitu na milima, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imetangazwa juu ya kichwa chake, na tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, alijiua mwenyewe kabla hawajamfikia. Hakukamatwa, kwa hiyo hakupangwa mbele ya miguu mitatu ya kamera. Wakachukua kichwa.

Nilisimama mbele ya kioo kile kwa muda ambao sikuupima, na jambo lililokuwa likinizunguka tangu Kilwa likajipanga lenyewe. Picha ya Makunganya na fuvu hili vilifanya kazi moja. Vyote viwili vilikuwa ushahidi wa kuwaonyesha wakubwa na raia kwamba mtu yule amekwisha. Aliyekamatwa alipigwa picha, na aliyejiponyosha alikatwa kichwa. Ndiyo maana mnyororo hauwezi kuondolewa kwenye picha ile: picha yenyewe ni sehemu ya mnyororo.

Kurudi kwa fuvu nako kuna mikono ya watawala. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Waingereza, na miaka mingi ikapita bure. Hatimaye Gavana Edward Twining alilichagua katika makumbusho ya Bremen, miongoni mwa mafuvu mengi, kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya watu wa ukoo, akalikabidhi hapa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa tarehe 19 Juni 1954, wakati ambapo ng'ambo ya mpaka serikali hiyohiyo ya Kiingereza ilikuwa ikiwasaka Mau Mau msituni. Neno "mafuvu mengi" nimeliandika haraka, lakini lilinizuia kula mchana. Kila moja lilikuwa la mtu, na hayo mengine hayakudaiwa na mkataba wowote.

Wahehe hawakungoja fuvu ndipo wamkumbuke Mkwawa. Mlinda makumbusho, mtu mzima mwenye koti zito, alinisimulia habari zake saa nzima bila kuligeukia sanduku hata mara moja. Alionyesha kwa mkono ukuta wa ngome ulipopita, mlango ulipokuwa, kilima ambako mizinga iliwekwa, na mwishoni nilikuwa nimemwona Mkwawa akitembea pale kuliko nilivyowahi kumwona mtu yeyote aliyepigwa picha.

Sikupiga picha ya fuvu. Nilimwomba ruhusa nimpige yeye, akiwa ameunyosha mkono kuelekea kilimani, akakubali baada ya kurekebisha koti.

Siku ya nane, Jumatatu: Lugalo, njiani kurudi

Nilishuka Lugalo, kando ya barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Hapa, tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Mkwawa walijificha katika vichaka na mawe ya mteremko huu, wakakishukia kikosi cha Emil von Zelewski kikiwa katika mwendo, wakamwua Zelewski, Wajerumani wenzake na askari zaidi ya 200, na kuchukua bunduki kwa mamia. Askari wale wengi walikuwa weusi pia, walioajiriwa kutoka Sudan na Msumbiji, kwa hiyo aliyesimama juu ya jiwe mtaa wa Samora alikuwa na ndugu zake wa kazi walioanguka hapa kabla yake. Wajerumani walijenga mnara wa kumkumbuka Zelewski, nao bado upo. Picha ya siku ile haipo, kwa kuwa upande ulioshinda haukuwa na kamera.

Nilipanda mteremko hadi mahali ambapo mtu aliyelala nyuma ya jiwe angeiona njia yote chini bila yeye kuonekana. Nikalala kifudifudi, viwiko kwenye majani makavu, nikaweka kamera usawa wa macho yake. Lori moja lilipita, kisha mwendesha baiskeli mwenye mkaa, kisha njia ikawa tupu. Nikapiga hapo.

Mwalimu mkuu alinipigia simu nikiwa bado nangoja basi. Aliniuliza habari za safari, akaniuliza afya, halafu akaniuliza, "Na ule mnyororo, kaka?"

"Unabaki, mwalimu. Ila nitahitaji ukuta mkubwa zaidi."

Nilimweleza kwamba picha ya safu itatundikwa kama ilivyo, na chini yake itaandikwa kwamba ilipigwa na waliowafunga. Kwamba pembeni yake nitaweka majina ya watu 67 wa Songea, la Mkomanile likiwa kwa herufi sawa na la Mputa. Kwamba barua ya Machemba itapigwa chapa kwa ukubwa wa picha yoyote nyingine na kutiwa fremu. Na kwamba upande wa pili wa ukumbi, yaani ukuta unaotazamana na wafungwa, nataka niweke picha moja tu, pana, ya njia ya Lugalo inavyoonekana kutoka juu. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kengele ya shule ikilia nyuma yake na watoto wakitoka madarasani.

"Ukuta ule una madirisha mawili," alisema. "Njoo Jumatano na futi yako tupime."